Banda la Matoroli

Mwenye supamaketi mmoja, jina lake Nyagawa, alikuwa na banda la matoroli mbele ya duka lake, na banda hilo alilipenda kuliko duka lenyewe. Lilikuwa na nguzo sita za chuma na paa la bati la kijani, na juu ya paa liliandikwa jina lake kwa herufi ambazo dereva wa lori aliweza kuzisoma bila kupunguza mwendo. Chini yake yalikaa matoroli ya wateja, yamechomekana moja ndani ya jingine, safu mbili ndefu. Mji ule uko nyanda za juu na upepo wake hauna adabu. Huvua watu kofia, hupindua meza za genge, na zamani ulikuwa ukiyasukuma matoroli hadi kwenye milango ya magari. Kwa hiyo Nyagawa alijenga banda, akaweka mnyororo mnene uliopita katika vishikio vya matoroli yote na katika pete iliyochomelewa kwenye kila nguzo, akautia kufuli. Wezi wakakoma, magari yakapona, watu wakamsifu. Naye akazizoea sifa kama mtu anavyozoea sukari kwenye chai.

Tena alilitunza, asisingiziwe uvivu. Kila asubuhi lilioshwa kwa mpira wa maji mpaka sakafu ing'ae. Kila mwaka, sikukuu zilipokaribia, nguzo zilipakwa rangi, na yeye mwenyewe alisimama pale akionyesha kwa kidole mahali ambapo brashi imeruka. Kutu ilipochungulia karibu na sakafu alisema ipakwe rangi, nayo ikapakwa, ikapotea machoni. Lakini maji ya kuoshea yalituama miguuni mwa nguzo hadi jua lilipopanda, siku baada ya siku, na hakuna aliyeyatilia maanani. Nyagawa alipotoka kulitazama banda lake alitazama juu, kwenye zile herufi.

Matoroli hakuyapenda. Yalikuwa ya zamani, mazito, magurudumu yake yakilia na kuvuta upande. Alizoea kusema, hata mbele ya wafanyakazi, kwamba yanamning'inia shingoni kama ndugu aliyekuja mjini kwa wiki moja akahamia kabisa, na kwamba lisingekuwa banda lake yangeshaoza siku nyingi. Lwitiko, mtu mzima mwenye familia, ambaye kazi yake ilikuwa kuyakusanya na kuyafunga, aliyasikia maneno hayo na kucheka kidogo, kama anavyocheka mtu anayesubiri mshahara. Alijua kwamba bosi akiyasema matoroli, hayasemi matoroli peke yake. Wafanyakazi wa dukani, wadogo zake bosi, hata mkewe aliyekaa kwenye hesabu tangu duka lilipokuwa kibanda cha sabuni na chumvi, wote Nyagawa aliwahesabu kuwa watu aliowabeba yeye. Na alikuwa ameshaamua: yale matoroli mazito yauzwe chuma chakavu, aletewe mengine mepesi.

Mchana mmoja wa kuanza kwa mvua, mama yake alikuja kuchukua mahitaji yake. Alikuwa mzee, na magoti yake yalikuwa hayamtii tena. Yeye na Nyagawa walipotoka dukani, wingu lilikuwa limeshafunika mji. Lwitiko alikuwa anakimbizana na matoroli uwanjani. Aliyarudisha yote, akayachomeka, akapitisha mnyororo na kufunga kufuli, yasije yakaponda magari ya watu, kisha akakimbilia dukani pamoja na wateja. Mama hakuweza kukimbia. Nyagawa akamwingiza chini ya banda lililokuwa karibu, akamkalisha juu ya kreti la soda, akaipiga nguzo kwa kiganja na kumwambia atulie, maana banda lile amelijenga mwenyewe na halitikisiki.

Upepo ulikuja kwa chini. Ulifagia uwanja, ukaingia chini ya bati na kulijaza, na Nyagawa akasikia nguzo iliyokuwa ubavuni mwake ikitoa mlio ambao hajawahi kuusikia. Akatazama chini. Nguzo ilikuwa imenyanyuka. Kibao cha chuma cha kitako chake, kilichofungwa sakafuni kwa nati, kilibaki chini peke yake, na kati yake na nguzo palikuwa na nafasi, na maji ya mvua yalikuwa yanapita katika nafasi hiyo. Akatazama nguzo ya pili, nayo ilikuwa hivyo hivyo. Zote sita zilikuwa zinapanda na kushuka, zikiwa na rangi yao nzuri ya kijani, na ndani ya rangi hakukuwa na mguu. Hakukuwa na pa kukimbilia na mama yule, na bati likiruka lingemkata mtu vipande viwili. Akamkumbatia, akainamisha kichwa chake juu ya kichwa cha mama, akangoja banda liondoke.

Banda halikuondoka. Mnyororo ulikazika, na matoroli ya safu zote mbili yakainua magurudumu ya mbele kwa pamoja, yakabaki hivyo kitambo, kisha yakashuka kwa uzito wao wote na kulivuta banda chini. Upepo ukalivuta tena juu. Yakainuka, yakashuka. Hakuna hata moja kati yake ambalo peke yake lingelizuia paa lile. Lingepeperushwa nalo kama kopo. Lakini kila toroli lilikuwa limeingia ndani ya mwenzake, na uzito wa la nyuma ulikuwa uzito wa la mbele, na yote yalikuwa yameshika. Magurudumu mabovu yalilia. Nyagawa, ambaye mlio ule ulimkera kila siku ya Mungu, aliusikia sasa akaingiwa na hofu, ile ya mtu aliyejikuta mahali patakatifu akiwa hajavua viatu. Mama alikuwa anasali kwa sauti ya chini, kwa lugha ya kwao. Yeye hakuweza hata kusali. Alitazama tu, macho hayamtoki pale, na moyo wake ulijaa mshangao mkubwa kuliko woga.

Upepo ulipopita, mama alikuwa mzima, na alichotaka ni chai. Nyagawa alipiga magoti ndani ya maji na kuushika mguu wa nguzo. Rangi ikabonyea, ikapasuka, kutu ikamwagikia kiganjani kama majani ya chai. Akaenda kwenye nguzo ya pili, na ya tatu, akazimaliza zote. Akajiuliza ni tangu lini. Akakumbuka upepo wa mwaka jana, na ule wa mwaka juzi, na jinsi alivyotoka dukani kila mara baada ya tufani, akalikuta banda limesimama, akajipongeza kwa kujenga vizuri. Kumbe huenda hata siku zile lilikuwa linashikiliwa hivi hivi, na yeye alikuwa anapita hapo akiyatukana. Machozi yalimtoka na hakuyaficha.

Wateja wakaanza kutoka dukani wakitaka matoroli. Kwa mazoea tu, kabla akili haijarudi, Nyagawa akamwita Lwitiko aje ayafungue. Lwitiko alikuja na ufunguo. Akaitazama miguu ya nguzo, akautazama mnyororo, akamtazama yule mama aliyeketi kwenye kreti chini ya bati. Ufunguo ukabaki mkononi.

"Bosi," akasema, "nikiyafungua haya, banda linaondoka."

Alisema taratibu, bila kejeli, kama mtu anayeeleza hali ya barabara. Lakini Nyagawa aliyasikia maneno hayo mpaka kwenye mifupa. Aligeuka akatazama ndani ya duka kupitia kioo. Alimwona mkewe kwenye hesabu, na wale vijana wa kubeba mizigo, na wadogo zake wanapanga rafu zilizoangushwa na tufani bila ya kuambiwa na mtu. Akawatazama muda mrefu, na akaona haya kupita kiasi.

Hakuna toroli lililofunguliwa siku ile mpaka mama alipotolewa na paa likashushwa. Nguzo zilikatwa, zikapewa miguu mipya juu ya zege lililoinuliwa na kuwekewa mteremko ili maji yasituame, na tangu hapo hakuna nguzo iliyopakwa rangi kabla haijakwanguliwa hadi chuma chenyewe kionekane. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuja na gari lake, akarudi nalo tupu.

Basi ninyi mlio na watu chini ya paa lenu: tufani ya juzi ilipopita mkajikuta bado mmesimama, mlimshukuru nani?