Nguchiro na Fahali Asiyetaka Kitu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa uwanja wa majani, na pembe mbili ndani yake. Haya, nisogeleeni."

Hapo kale palikuwa na Fahali aliyeikalia chemchemi peke yake. Mnyama akija na mtungi, huambiwa: "Maji haya yangu!" Akija kula, huambiwa: "Majani haya yangu!" Wakubwa wote wakanywea kwa hofu.

Nguchiro, ambaye kimo chake hakikuzidi birika, akachukua kanga nyekundu ya mkewe Mize, akaenda kusimama mbele ya Fahali.

"Hee, Fahali! Na hii pia yako?"

"Yangu!"

Gudu, gudu, gudu! Nguchiro akapisha, shwap! Pembe zikachoma upepo. Fahali akigeuka, mwenzake keshahama, na huko nyuma wanyama wanachota maji. Ikawa kila asubuhi kanga, kila asubuhi gudu gudu, shwap! Kila asubuhi ngoma na vigelegele, na jina la Nguchiro halikauki midomoni.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Upepo ulipobamiza mlango aliruka, kikombe cha uji kikamwagika.

"Leo pembe imenipita hapa," akamwambia Mize, akijigusa ubavu.

"Basi acha, mume wangu."

"Nikiacha watakunywa nini? Na mimi nitakuwa nani?"

Mize akafuta uji sakafuni.

Asubuhi moja Nguchiro akaitundika kanga kwenye shina la mvule.

"Fahali! Nilikuficha jambo. Nyuma ya kanga hii ipo chemchemi ya pili, tamu kuliko yako."

"Yangu!"

Gudu, gudu, gudu, kwaa! Pembe zikazama mtini, shingo ikavunjika.

Nguchiro akapata usingizi. Wanyama nao wakanywa, wakashiba, mwisho wakachoka kushiba. Kima akaja kupiga hodi.

"Bwana Nguchiro, uwanja umepoa. Tumeleta fahali mwingine."

"Kawanyima maji?"

"Hajatunyima kitu. Ni wa mchezo tu."

"Usiende," Mize akasema. "Nakuomba."

Nje ngoma zilikuwa zikimwita kwa jina. Nguchiro alijua haifai kwenda. Akajiona anafunga kanga kiunoni.

Uwanjani akaikung'uta. "Hee! Na hii pia yako?"

Fahali kimya.

"Kule ipo chemchemi!"

Fahali hakugeuka. Hakutaka maji, hakutaka majani, wala kanga hakuitazama. Alimtazama Nguchiro. Nguchiro akatafuta neno la kumdanganya asiyetamani kitu, akalikosa, akasahau kupisha.

Gudu, gudu, gudu.

Watazamaji wakadhani ni ujanja mpya, wakapiga vigelegele. Aliyekimbilia uwanjani ni Mize peke yake.

Hadithi imeketi hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mimi niliyeipika. Na funzo lake, wanangu, ni hili: mwenye akili hashindwi na mwenye nguvu, maadamu huyo mwenye nguvu anatamani kitu. Kalaleni.