Feni Iliyomwogopa Fisi

"Masikio yapo?"
"Yapo, hatukuyaacha nyumbani."
"Nimwage?"
"Mwaga, tunakinga."

Alikuwapo Pimbi, fundi wa kompyuta kule mwambani. Kompyuta yake ilitumia Linux, mfumo unaotii amri za kuandikwa, na umeme wake ulitoka kwenye jua, tena haba. Siku hizo jirani yake Kanga alikuwa na homa, hawezi kuatamia. Pimbi akayaweka mayai yake saba kwenye boksi, akachomeka taa ndogo ya joto kwenye tundu lake pekee la USB. Mayai yakapata joto.

Adhuhuri, chapa chapa, akaja Fisi na feni yake. Hakupiga hodi. Akaichomoa taa, akachomeka feni. Vuuuu.

"Bwana Fisi," Kanga akasema, "wanangu watakufa kwa baridi."

"Na mimi nife kwa joto? Wakifa, nitawala."

Kanga akalia. Pimbi akaitazama feni. Akiigusa feni, ataliwa yeye. Akakaa kwenye kibodi, ta ta ta, akaandika amri ya kukata umeme wa tundu lile. Waya haukuguswa, lakini feni ikazimika. Zii.

"Imekuwaje?" Fisi akauliza.

"Inakuogopa, Bwana Mkubwa. Imeona meno. Hebu rudi nyuma kidogo."

Fisi akarudi hatua tatu. Pimbi, ta ta ta, akarudisha umeme. Vuuuu. Fisi akasogea. Zii. Akarudi mpaka mlangoni. Vuuuu. Akaingia. Zii.

"Sasa nikae wapi?"

"Ng'ambo ya mto. Ukiwa kule itavuma kwa nguvu zake zote."

Fisi akaenda, akavuka, akaketi kwenye jiwe. Pimbi akaichomoa feni, akaichomeka tena taa ya mayai, akarudisha umeme.

"Inavuma?" Fisi akaita.

"Inavuma, Bwana Mkubwa."

Upepo wa bondeni ukampuliza masikio. "Naipata," Fisi akasema. "Kumbe feni yangu ni nzuri hivi."

Akakaa pale siku nne, jua likimchoma mgongo. Siku ya nne mayai yakapasuka, ko ko ko, yote saba. Kanga akasahau homa.

Funzo lake, wanangu: msiwadanganye wakubwa. Pimbi alidanganya, na mpaka leo anaishi na majirani saba wapiga kelele, hapati usingizi. Fisi aliyesema kweli tupu anapunga upepo bure.

Hadithi imefika kwake, nami nashika njia ya kwangu.