Zamu ya Maji ya Babu Eliapenda

Zamu haiuzwi kwa pipa. Leo mmeisikia kwa mwenyekiti wa kijiji, sasa mmekuja mbio kuniuliza imetoka wapi. Imetoka humu ndani, kwenye meza hiyo hiyo mnayochambulia tangawizi, na mtu wa kwanza kuitamka alikuwa babu yenu Eliapenda. Kaeni niwaeleze ilivyokuwa. Lakini mikono isilale, na wewe Kirari acha kutafuna hiyo tangawizi, ni ya kuuza.

Babu yenu alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha mkonge kule tambarare, miaka thelathini na mmoja. Nasema fundi, si hawa wa siku hizi wanaofungua mashine halafu wanabaki na skrubu mkononi. Alikuwa anategesha sikio tu kwenye mtambo, anasema, "Beringi ya tatu." Wakifungua, ya tatu kweli. Mameneja watano walikuja wakaondoka, yeye yupo. Mimi nilikuwa nikipita sokoni naitwa mke wa fundi, na nilikuwa natembea kama mke wa fundi.

Kiwanda kile kilikuwa na utaratibu wa zamani. Mfanyakazi akistaafu, analipwa pensheni kila mwezi kwa kufuata mshahara wake wa mwisho, mpaka afe. Na akifa, mjane wake anapata nusu mpaka naye afe. Basi, miezi mitatu kabla babu yenu hajastaafu, ikaja barua. Anayependa, aache pensheni ya kila mwezi, apewe fedha zake zote kwa mkupuo aondoke nazo. Asiyependa, abaki na utaratibu wake. Fomu irudi Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na ukishasaini hakuna kugeuka.

Lo! Babu yenu hakuwahi kuona jina lake likiandamana na sifuri nyingi namna ile. Usiku ule ule akanunua lori, kichwani. Akalipaka rangi ya bluu, akaliajiria dereva, akamfukuza dereva, yote hayo chakula hakijapoa. Nikamwambia, "Baba Namsifu, mbona mimi naona tubaki na pensheni?" Akanijibu, "Mama Namsifu, wewe biashara huijui." Mtu aliyesikiliza mashine miaka yote hiyo, mkewe akamshinda kumsikiliza!

Niliogopa, wajukuu zangu, siwafichi. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na mama yangu alikufa na tisini na minne. Ukoo wetu wanawake hatufi upesi. Nikajiuliza, lori likishakula matairi, mimi nitakula nini?

Msidhani kila aliyechukua mkupuo alikuwa mjinga. Senzota, aliyekuwa mlinzi pale, figo zilikuwa zimemwisha na hakuwa na mke wala mtoto. Alichukua zake akajitibu, akaishi miaka miwili bila kuomba mtu. Alifanya vizuri. Lakini babu yenu alikuwa mzima kama jiwe la kusagia.

Sasa, ndiva mnaijua. Bwawa letu la udongo pale juu, mababu walilichimba kwa majembe ya mti. Maji ya kijito yanajikusanya, asubuhi yanafunguliwa, yanashuka kwenye mfereji, na kila nyumba ina siku yake. Siku hiyo unaweza kumwazima jirani. Unaweza kumrithisha mwanao. Kuiuza, hapana, hajawahi kuonekana Mpare wa kufanya hivyo. Siku ya babu yenu ilikuwa Jumanne, aliipata kwa baba yake, na alikuwa akiionea fahari kuliko suti yake ya harusi.

Basi Alhamisi, fomu ikiwa mezani na kalamu juu yake, nikatoka nikaenda kwa jirani yetu Mchome. Nikamwambia, "Shemeji, nisaidie jambo moja, na usicheke ukiwa ndani."

Jioni Mchome akaingia, akakaa, akapewa chai. Akasema, "Fundi, nimekuja na shida. Naomba uniuzie Jumanne yako."

"Nikuazime?"

"Uniuzie. Iwe yangu moja kwa moja. Nitakuletea mapipa ishirini ya maji, yamejaa, kesho yako hapa uani."

Babu yenu aliinuka mpaka kiti kikaanguka. "Mchome, umelewa? Mapipa ishirini nitayamaliza kabla mahindi hayajabeba! Halafu? Watoto wangu waje wachote kwako? Zamu haiuzwi kwa pipa, bwana! Hata ulete mapipa mia!"

Nikaweka birika chini. Nikasema, "Rudia, Baba Namsifu."

"Nirudie nini?"

"Hilo neno la mwisho."

Akafungua mdomo. Halafu akaiona fomu. Akaiangalia, akamwangalia Mchome, akaniangalia mimi. Akaokota kiti chake taratibu akakaa.

"Mjane anapata nusu?" akauliza.

"Nusu. Imeandikwa hapo."

Akachukua kalamu, akaweka alama pale penye kubaki, akasaini jina lake lote na la baba yake. Mchome akacheka mpaka chai ikampalia, na Jumapili kanisa zima lilikuwa na methali mpya.

Babu yenu aliishi miaka ishirini na mitatu baada ya siku ile. Kila mwezi pensheni ilikuja, mvua ikinyesha, isiponyesha. Mama zenu walisomea humo. Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa najisifu moyoni kwamba nilimchezea fundi akachezeka.

Mwaka ule wa mwisho, akiwa kitandani, akaniambia, "Mama Namsifu, shamba la Mchome liko wapi?"

Nikasema, "Si pale juu ya ndiva."

"Juu ya ndiva," akasema. "Sasa Jumanne yangu angeipeleka wapi? Maji yapande mlima?"

Mungu wangu! Nilikuwa sijafikiria hata kidogo! "Kwa hiyo ulijua?"

"Tangu alipotaja Jumanne. Nilitaka kumfukuza tu. Lakini lile neno liliponitoka, nikalisikia kama ninavyosikia beringi mbovu. Nikajua mbovu ni mimi."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi mno," akasema.

Nilikuwa mke wa fundi, wajukuu zangu, na bado ni mke wa fundi. Kesho ni tarehe ishirini na tano. Mtanipigia pasi kitenge changu kile cha zambarau, maana naenda mjini kuchukua nusu yangu, na nitatembea katikati ya barabara. Na huyo mwenyekiti mwambieni neno lile lina mwenyewe, alikuwa akiitwa Eliapenda. Zamu haiuzwi kwa pipa.