Vishada vya Ukutani

Paukwa!

Pakawa!

Aliyelala aamshwe, anayetafuna ameze, maana ngano hii haikai kitako.

Hapo zamani za kale, Buibui na Mwalimu Kanga walikuwa wanagombana mlangoni mwa chekechea. Walikuwa wanagombania uzi. Pima kumi za uzi.

"Tulipatana nini, Mwalimu?" Buibui akauliza.

"Bi Buibui, watoto wanasoma. Punguza sauti."

"Sauti ni yangu. Na uzi ni wangu."

Walipatana hivi. Kanga alikuja kuomba uzi wa kurushia vishada. Alisema anataka watoto waujue upepo, kila mmoja ashike uzi kwa mkono wake, asikie unavyovuta. Buibui akafurahi. Akafumua utando wake mwenyewe, ule ule wa kulalia, ule ule wa kunasia chakula, akaukunja wote akampa. Malipo hakutaka. Mvirushe tu, basi. Tangu siku hiyo halali vizuri, hali vizuri, nzi wanampita puani, vzzz, kama wanamcheka.

Leo amekuja kutazama. Anakuta vishada viko ukutani. Vya majani ya mgomba, vimepakwa rangi, vimepangwa safu. Mikia imekatwa ili safu inyooke, wazazi wakija wapendezwe. Watoto wameketi chini. Kanga ananyoosha ubawa: rangi gani hii? Nyekundu. Pembe ngapi? Nne. Nje upepo vuuu. Ndani miguu tapu tapu tapu. Hakuna anayetazama ukuta, wote macho dirishani.

"Vikirushwa vitachanika," Kanga akasema. "Halafu wazazi niwaonyeshe nini?"

"Waonyeshe watoto wao."

Kanga akapandwa na hasira. Akavibandua vya watoto, akafungua mlango, ili Buibui ajionee hasara kwa macho yake. Watoto wakatoka mbio. Wakarusha. Vishada vikapanda kidogo, bingiri bingiri, pu. Wakarusha tena. Bingiri bingiri, pu. Kanga akamtazama Buibui kwa jicho la nilikwambia. Buibui miguu yote minane haitulii. Anataka kuingilia, anajizuia.

Sipe, mtoto wa Kindi, akaokota kishada chake, akakigeuza. Akageuka kujitazama nyuma. Akakitazama tena.

"Hiki hakina mkia," akasema. "Mimi bila mkia ningeanguka mtini kila siku."

Akang'oa nyasi ndefu, akafunga fundo. Fundo lenyewe baya, limepinda, lakini lake. Akarusha. Vuuu, kikapanda, kikatulia juu kabisa. Wenzake wakazivamia nyasi. Mara anga lote vishada, na Sipe anawaambia wote kwamba kinamvuta, jamani, kinamvuta. Kimoja kikakatika kikaenda zake. Watoto wakakipungia mkono.

Kanga akasogea taratibu, akanong'ona kwamba uzi wa hicho kilichopotea atamlipa.

"Uliokwenda na upepo sikudai," Buibui akasema. "Ndiyo kazi niliyoutolea."

Ngano yangu ilitaka kuishia hapo, na funzo lake ni hili: mtoto haujui upepo kwa kutazama ukuta, mpe uzi aushike mwenyewe, hata kishada kikianguka.

Lakini Buibui akachungulia ndani. Ukutani kilikuwa kimebaki kishada kimoja, kikubwa kuliko vyote, cha Mwalimu mwenyewe.

"Uzi wa kile bado nakudai," akasema. "Kirushe, au unirudishie."