Kifuniko cha Kijani cha Bi Mwanahawa

Muheza nzima haikuwa na mjuzi wa matairi kama mimi, na nilihakikisha kila mtu anajua. Nilitangaza kwa kipaza sauti: "Upepo wa kawaida huvuja, naitrojeni yangu haivuji! Tairi lenye kifuniko changu cha kijani likipungua, najaza bure!"

Bi Mwanahawa, muuza nazi, akaja na pikapu yake kuukuu.

"Mwanangu, nijazie tairi moja tu, nionje."

Nikajaza, nikafunga kifuniko cha kijani kwenye valvu ya kujazia upepo.

Wiki iliyofuata akarudi. "Limepungua!"

"Bibi, taratibu, wateja watasikia!" Nikaona kijani, nikajaza upesi.

Akarudi tena, na tena. Mtaalamu mzima nilitazama kifuniko, sikutazama tairi.

Jana, foleni ikiwa ndefu, Bi Mwanahawa aliingia akisukuma toroli la nazi. Kwenye gurudumu lake kulikuwa na kifuniko changu cha kijani.

"Bibi, hili ni toroli!"

Akaninong'oneza, "Matairi ya pikapu yameshashiba yote manne, mwanangu. Utalijaza hili, au uniazime kipaza sauti chako niwaambie wateja naitrojeni yako inavuja?"

Nikapiga goti, nikajaza toroli.