Nguchiro Alivyomwachia Kiboko Kiti

Mpo?
Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
Yote mawili!
Nimwage?
Mwaga, ila usituruke!

Haya. Kulikuwa na nchi ya wanyama inaitwa Mawemawe, na mfalme wake alikuwa Nguchiro. Ndiyo, Nguchiro, kale kamnyama kembamba, mkia mrefu, pua haitulii. Ufalme wenyewe hakuutaka. Siku wanachagua, yeye alikuwa amezamisha kichwa kwenye shimo, anachungulia mna nini. Kutoa kichwa, anakuta wote wanamkodolea macho.

"Kwani kuna nini?"

"Kuna wewe, Mfalme."

Ikaisha hiyo. Akapewa kiti.

Na kazi akaifanya, hakutegea. Mila ya Mawemawe ilikuwa hivi: mfalme anakaa kwenye kiti cha jiwe, juu mwambani, jua linamuwakia, anasikiliza mashauri. Sinia za chakula zinaletwa, lakini anayekula ni mwenye shauri, maana mwenye njaa haongei vizuri. Mfalme anakula mwisho. Na mwisho unabaki ukoko. Nguchiro anakwangua ukoko wake, kwaru kwaru, anashuka. Njiani anaona shimo jipya, anajiuliza, "Humu mna nini?" Kabla hajachungulia anaitwa, "Mfalme, shauri!" Anapanda tena.

Sasa Kiboko. Yeye alikaa chini dimbwini, macho tu juu ya maji. Anaona sinia inapanda imejaa. Sinia inashuka tupu. Inapanda imejaa. Inashuka tupu.

"Kale kadudu kanakula vyote vile? Kanaviweka wapi?"

Kikaja kiangazi kikali. Mito ikakauka yote, likabaki dimbwi lile moja. Kiboko akajitandaza katikati, pwaaa! Swala akaja na mtoto wake: hrrrumf! akafukuzwa. Nyani akaja: hrrrumf! akafukuzwa. Tembo mwenyewe akaingiza mguu, akang'atwa, maana majini Kiboko hana mbabe. Watoto wakakaa ukingoni, ndimi nje, wanalia bila machozi.

"Hanywi mtu hapa," Kiboko akasema, "mpaka nipewe kiti."

Nguchiro akashuka. Ingekuwa kiti tu, angekitoa siku nyingi. Lakini huyu akipata kiti na maji, vyote viwili, nani atamwambia hapana? Akaanza kuuliza, maana kuuliza ndiyo ugonjwa wake.

"Kaka Kiboko, unataka kiti au unataka dimbwi?"

"Vyote."

"Hee. Na wenye mashauri wakija wakukute umezama, sinia watamkabidhi nani?"

Kiboko akameza mate. Gudu!

"Tubadilishane," Nguchiro akasema. "Chukua kiti, nipe dimbwi. Tunaapa mbele ya wote. Chako chako, changu changu."

"Na sinia?"

"Zinafuata kiti."

"Mjinga wewe!" Kiboko akacheka mpaka maji yakamwagika kingo zote. Akaapa. Nguchiro akaapa. Kiboko akatoka majini, pu! pu! pu! hadi mwambani. Nyuma yake watoto chubwi! chubwi! Tembo akasimama ukingoni, akanywa taratibu, hatoki.

Huko juu sinia ikafika. Viazi vitamu, maboga, matango. Kiboko akafungua mdomo, ule mdomo kama mlango wa gereji.

"Mfalme, bado," wakamwambia. "Shauri kwanza."

"Haraka basi!"

Shauri lilikuwa la Kobe. Anamshtaki Konokono kwamba alimgonga kwa nyuma.

"Mimi... nilikuwa... naenda... zangu..."

"Halafu?"

Kobe akachukua kiazi. Nyam. Nyam. "Nikapita... jiwe la kwanza..."

Jua likapanda. Na ngozi ya kiboko bila maji, mwanangu, inakatika kama tope la kiangazi. Kwa! Mgongoni. Kwa! Shingoni.

"Kobe, haki ni yako! Tumemaliza!"

"Mheshimiwa," Konokono akasema, "mimi hata pembe sijatoa."

"Basi haki ni yako wewe!"

"Mfalme amegeuza maneno!" wote wakapiga kelele. "Linaanza upya!"

"Mimi... nilikuwa... naenda... zangu..."

Sinia ikashuka tupu. Kiboko akaiangalia inavyoshuka. Akaangalia ule ukoko uliobaki kwa ajili yake. Kwa! Ngozi ikakatika tena.

Akateremka mbio mpaka dimbwini. Akamkuta Tembo. Na nchi kavu, jamani, si majini.

"Hapa pana mwenyewe," Tembo akasema. "Uliapa."

Nguchiro alikuwa pembeni, kichwa shimoni. Siku hiyo alishachungulia kila shimo la ukingo ule: moja lina nge, moja lina mizizi mitamu, moja lina shimo lingine ndani. Hajawahi kufurahi hivyo.

"Kaka Nguchiro, naomba niingie!"

"Peleka shauri kwa mfalme," sauti ikatoka shimoni.

"Mfalme si mimi?"

"Basi jisikilize."

Kwa! "Nakuomba, chukua kiti chako!"

"Sikitaki." Na kweli, hakukitaka. Akatoa kichwa. Akaangalia shimo. Akaangalia watoto wanavyokunywa, matumbo duara. Akauliza, "Nikikuruhusu majini na kiti bado chako, hawa kesho watakunywa?"

Kiboko akalipima dimbwi kwa macho, ukingo hadi ukingo.

Nguchiro akapumua. "Haya. Nakichukua. Utaingia, lakini unakaa upande ule wa matope. Ukivuka, Tembo yupo."

"Nakubali! Nakubali!" Chubwiii! Matope yakamfunika, akashusha pumzi hadi mapovu yakatoka.

Nguchiro akapanda mwambani, jua kali, tumbo linanguruma. Kobe na Konokono bado wapo. Mfalme amebadilika, shauri linaanza upya.

"Mimi... nilikuwa... naenda... zangu..."

Nguchiro akasogea mbele ya kiti, karibu na Kobe. "Enhe? Ulikuwa unaenda wapi?"

Kobe akanyoosha shingo yote nje ya gamba. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Akasukuma kiazi kimoja upande wa mfalme, ndipo akaanza kueleza.

Mzigo wangu nautua hapa.
Tumeupokea!
Ukiwa mzito?
Tutabadilishana mabega!