Mbawakawa Asiye na Jina

— Ngano, jamani!
— Imwage tuipepete!
— Ina makapi.
— Tutayapuliza!

Basi sogeeni motoni. Hapo kale, kale ya mababu wa babu zetu, palikuwa na kijiji kilichopakana na msitu mnene. Watu wake walikula ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi jioni.

Mwaka mmoja migomba ikaanza kuanguka. Leo mmoja, kesho mitatu, keshokutwa shamba zima. Wakapasua mashina, wakakuta mashimo, na ndani ya mashimo mdudu mweusi mwenye pembe. Ndiye chonga, mbawakawa mla migomba!

Jumbe Senkondo akapiga mbiu. "Kila mdudu mwenye pembe ni adui! Siku ya nne kuanzia leo tunauchoma msitu anakotoka, afe yeye na watoto wake."

Watu wakaitikia, "Na uchomwe!"

Aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Namkunda, mjane, mama wa watoto watatu. Migomba yake yote ilikuwa chini.

Kesho yake Namkunda akaingia msituni kutafuta kuni kavu za kuwashia moto huo. Akapindua gogo bovu. Chini yake, mbawakawa mweusi, pembe hiyo! Namkunda akainua panga.

"Mama, unaniua kwa kosa la nani?"

Namkunda akaruka nyuma. "Kumbe unasema!"

"Nasema. Kosa la nani?"

"Lako! Umemaliza migomba yangu. Wanangu wamelala na njaa."

"Pole, mama. Na mimi nina wanangu. Lakini hukunitazama. Nitazame."

Akatazama. "Mweusi. Una pembe. Wewe ni chonga."

"Umetazama, hujaona. Tazama tena."

Akapiga magoti. "Mweusi… mh! Mgongoni una kijani, kama jani la mgomba lililolowa. Na pembe yako ina ncha mbili, ya chonga ina moja. Lakini pembe ni pembe."

"Umetazama, hujaona. Tazama tena."

Akamweka kiganjani, akamgeuza chali, taratibu. Akautazama mdomo. Laini, umejaa vinyweleo. "Mdomo huu haupasui hata nyanya mbivu!" Akaitazama miguu ya mbele, mipana kama jembe. "Na hii je?"

"Ya kuchimbia. Kima wanakula matunda, wanaangusha mavi, na ndani ya mavi mna mbegu. Mimi nayafukia niwalishe wanangu. Mbegu zinabaki ardhini, zinaota. Nusu ya msitu huu wameipanda mabibi zangu."

Panga likamtoka Namkunda mkononi. Akaketi chini. "Na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote," akasema. "Unaitwa nani?"

"Sina jina. Ndiyo maana nakufa kwa jina la mwingine."

Namkunda akaenda mbio kwa jumbe. Akaeleza mgongo, akaeleza pembe, akaeleza mdomo. Watu wakacheka. Jumbe akasema, "Maneno ni upepo. Mlete tumwone."

Akarudi msituni kichwa chini. "Wanataka kukuona, mwenzangu. Na wakikuona leo, mwakani watasahau."

Mbawakawa akapanda kiganjani mwake. "Mimi ni mzee. Wanangu nimekwisha kuwawekea chakula chao. Nimebakiwa na siku mbili, tatu. Nichukue. Nikifa usinizike. Nikaushe kwa jivu la moto, uniweke kibuyuni, kila mwenye shaka aje atazame."

"Siwezi kukufanyia hivyo!"

"Utaweza, mama. Wanangu wako ardhini, hawana wa kuwasemea."

Barazani Namkunda akawaweka wawili, mbawakawa huyo na chonga mmoja aliyetolewa shinani, juu ya kipande cha mgomba. Chonga akatoboa, akazama ndani. Yule mwingine akateremka, akaanza kuchimba udongo. Jumbe akainama mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Hakucheka mtu.

"Haadhibiwi mtu kwa kufanana na ndugu yake," akasema jumbe. "Huyu anaitwa nani?"

"Kifukiambegu," akasema Namkunda.

Msitu haukuchomwa. Watu wakamtafuta chonga shina kwa shina, mwezi hadi mwezi, mikono ikichubuka. Njaa haikuondoka siku ile, lakini iliondoka.

Siku ya tatu baada ya baraza ile, Kifukiambegu akafa kiganjani mwa Namkunda. Namkunda akalia kama aliyefiwa na shoga yake. Kisha akachukua jivu, akafanya alivyoagizwa. Kila aliyekuja na tuhuma alifunguliwa kibuyu, akaambiwa, "Tazama. Umeona? Tazama tena."

Wenzangu, asiyejulikana hubeba kosa la mwenziwe. Kabla hujanyanyua panga, inama umtazame.

Ngano yangu imefika ukingoni. Na ukipindua gogo ukasikia linakusemesha, usikimbilie kwangu. Mimi nilisimuliwa tu.